Wimbo Nilioukata Kishapu

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne nikatolewa kwenda kuchunga, na ng'ombe wenyewe wakaja wakaisha kwa ukame, kwa hiyo sikupata shule wala ng'ombe. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu aliyesoma anaweza kutunga habari ikakaa sawasawa, mimi uwezo huo sina. Haya ninayokuandikia yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka, nikiwa nimekunywa soda moja na maji ya kunywa. Usiponiamini sitagombana nawe. Nimechoka kugombana na watu juu ya jambo hili.

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye sherehe. Nilianza enzi za kaseti, zile unazorudisha utepe kwa kalamu, na sasa nina kompyuta ndogo ambayo kioo chake kimepasuka pembeni. Nakaa Nyasubi pale Kahama, lakini sherehe hazinikuti nyumbani. Leo Bugarama kwa wachimbaji, keshokutwa Kishapu kwa wafugaji, spika zimefungwa kamba juu ya kirikuu, kigari cha mizigo, na mimi nimekaa juu ya spika. Mgongo huu umeisha kwa barabara, si kwa umri. Sawa, na umri pia.

Watu hufikiri shida ya kazi hii ni kuujua muziki. Muziki ni rahisi. Shida ni kwamba chini ya tenti moja ameketi bibi aliyezaliwa kabla redio haijafika kijijini kwao. Pembeni yake kuna shangazi wa kwaya ambaye akisikia nyimbo za baa anakaza kilemba na kuondoka. Kuna kina mama wa biashara wanaongoja taarabu wapate kunyoosha kidole kwa adui zao, kuna wachimbaji wanaotaka singeli mpaka spika zitoe moshi, na watoto wanataka ule wimbo uliotoka jana kwenye simu. Wote wamekula pilau moja. Utawapa nini?

Dawa yangu mimi ilikuwa kukata. Wazee nilikuwa naanza nao kabla ya chakula, maana mzee akishiba hachezi, anasinzia. Nawapa dansi la zamani, lile la magitaa na tarumbeta, wanainuka na fimbo zao. Basi jicho langu linakuwa kwenye viti. Nikiona kijana mmoja tu amesogeza kiti nyuma, nakata, naingiza wa vijana. Shangazi wa kwaya akianza kununa, nakata, naweka wa dini wenye mdundo, hapo hata wachimbaji wanacheza kwa sababu mdundo hauna dhehebu. Dakika mbili kila rika, basi. Katika miaka yangu yote sidhani kama niliacha nyimbo kumi zikafika mwisho. Wenzangu waliniita Mzee Kisu, na mimi nilijivuna.

Sasa, ukiwa Usukumani kuna ngoma za mamanju. Kwa asiyejua, manju ni yule mtunzi na kiongozi wa ngoma. Manju akiimba hajifichi. Anataja jina lake na la baba yake, anataja kijiji, anasalimia ndugu, anawachokoza wapinzani wake, na mwishoni kabisa anataja yuko wapi, ili wanaomtaka wamfuate huko. Ndiyo desturi yao. Mimi niliwakata mamanju wengi kabla hawajafika hapo pa mwisho, kwa sababu ni safari ndefu na vijana hawana subira nayo. Ulizia popote, watakuambia.

Miaka saba iliyopita, pamba ikiwa imeshauzwa, nilipigiwa simu na mwanamke wa upande wa Kishapu, sio mbali na Mhunze. Tumwite Mama Kabula, na kweli ndivyo alivyoitwa. Alitaka muziki wa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, huyo Kabula, ambaye alikuwa anaolewa na mchimbaji wa Bugarama. Sherehe iwe ya mchana, alisema, wageni wa bwana harusi wana safari ya kurudi. Tukapatana. Halafu akasema:

"Baba, piga chochote. Ila ngoma ya manju usipige."

Nikamwambia, mayu, yaani mama, sendofu ya Kishapu bila ngoma, wazee watanitia fimbo.

"Wakutie. Baba yake Kabula alikuwa manju."

Ndipo akanieleza, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani, kwamba mumewe, Jilala, alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Geita mtoto akiwa bado anatambaa. Hakurudi. Wengine walileta habari kwamba alifukiwa na duara, yaani shimo la wachimbaji, lakini hakuna aliyelitaja shimo lenyewe. Wengine walisema wamemwona, amenenepa, ana mke mwingine na watoto. Sasa utafanya nini hapo? Mwili hakuna, kwa hiyo matanga hayakuwekwa. Mama Kabula hakuwa mjane wala hakuwa mke wa mtu. Na Kabula akakua hivyo, siku nyingine baba yake marehemu, siku nyingine baba yake mtu aliyemkimbia, kutegemea nani kaja kutembea.

"Jana ameniuliza tena," alisema Mama Kabula. "Eti, mama, nikiulizwa ukweni nina baba au sina, nijibu nini? Sasa wewe ukimpigia manju atalia mbele za watu. Naomba usipige."

Nikakubali. Na ngoma zote za mamanju nikazihamisha, nikaziacha Nyasubi kwenye kiflashi kingine. Shika hilo. Kwenye kompyuta haikubaki hata moja.

Siku ikafika. Tenti limefungwa uani, zizi la ng'ombe upande wa nyuma, vumbi la kiangazi kila mahali. MC alikuwa kijana wa mjini, suti ya bluu, viatu vimechongoka, anatoka jasho kama kuku wa kuchoma. Upande mmoja wazee wa bibi harusi na shuka zao mabegani, upande wa pili wachimbaji wa Bugarama na miwani myeusi. Kazi ngumu tangu mwanzo. Nikiwapa wazee, wachimbaji wanachezea simu. Nikiwapa wachimbaji, mzee mmoja ananiuliza kama hizo ni nyimbo au mashine ya kusaga imeharibika.

Ilikuwa kama saa tisa. Wazee walikuwa wamelala kwenye viti. Nikasikia mtu ananisalimia pembeni, "Mwadila," ile salamu ya mchana ya Kisukuma, kwa sauti ya chini ya mtu mwenye adabu. Nikaitikia bila kumtazama. Nilipogeuka nikaona mwanamume, si mzee si kijana, ana tochi ya kichwani kama wanazovaa duarani. Tochi inawaka. Mchana ule. Suruali yake ina tope bichi mpaka magotini, na Kishapu nzima hakukuwa na tope mwezi ule, hata ng'ombe walikuwa wanapelekwa mbali kunywa.

Nilimfikiria nini? Nilifikiri ni mmoja wa wale wa Bugarama, ametoka kazini moja kwa moja, amelewa kidogo. Ndugu yangu, mtu aliyepiga muziki miaka mingi haogopi mtu wa ajabu sherehe­ni. Kila sherehe ina mmoja.

"Naomba wimbo," akasema.

"Upi?"

"Wa kumtoa binti."

"Nina mingi ya kumtoa binti. Nani kaimba?"

"Umo humo," akasema, akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta. Mkono wake ulitoa ubaridi, kama unaposimama karibu na mtungi. Nikatazama. Katikati ya orodha yangu palikuwa na mstari mmoja usio na jina. Ulikuwa mtupu, dakika tu zimeandikwa pembeni, nyingi, kama za nyimbo tano. Mimi nazijua nyimbo zangu kama mchungaji anavyojua ng'ombe. Ule haukuwa wangu.

Na bado niliupiga. Wazee wamelala, sherehe imepoa, mtu kaomba wimbo kwa adabu. Nikavaa hedifoni, nikabonyeza.

Kilichofuata, niamini au niache. Wazee waliinuka. Sio mmoja mmoja kwa kuvutana, la, waliinuka wote kwa pamoja, mabibi na mababu, hata mmoja aliyeletwa kwa baiskeli kwa sababu ya miguu. Wakajipanga mistari miwili wakielekeana, mabega yanakwenda, vumbi linapanda, macho wamefumba. Sijawahi kuona wazee wanacheza vile. Nikasema moyoni, leo nimepatia.

Halafu MC akaja kwangu mbio, maiki mkononi. "Mzee, muziki umekata."

"Umekata vipi, wewe huoni watu wanacheza?"

"Wanacheza nini? Spika zimenyamaza."

Nikaona ananitania. Lakini nilipowatazama vijana, wote walikuwa wamegeuza shingo kututazama kama watu waliosimamishwa katikati ya safari. Mchimbaji mmoja mwenye kofia akapiga kelele kutoka nyuma, "Babu, mashine yako imekufa na wazee hawajapewa taarifa." Wenzake wakacheka. Mwingine akasema, "Waacheni, wanatumia sola." Nikavua hedifoni, nikasikiliza spika kwa masikio haya. Ngoma ilikuwa inalia mpaka meza inatetemeka. Mimi nimeshapita sitini. Vijana wale walikuwa hawasikii hata mdundo mmoja.

Nikarudisha hedifoni, na hapo ndipo nikasikia maneno. Kwenye spika ilikuwa ngoma tu. Baadaye niliwauliza wazee, kila mmoja alinitajia wimbo wake, huyu wa siku aliyooa, huyu wa mavuno ya ujana wake, hawakupatana hata wawili. Lakini kwenye hedifoni kulikuwa na mtu anaimba Kisukuma, peke yake, taratibu, kama yuko chumba chenye kuta karibu sana. Alisema, mimi ni Jilala mwana wa Luhende, manju wa Kishapu. Akawasalimia wazee kwa majina. Akamsalimia mkewe. Akasema, Kabula, nilikuacha unatambaa, leo unatoka nyumbani kwa miguu yako, nimekuja kukutoa.

Nikamtafuta yule mtu. Hakuwa tena mezani kwangu. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bibi harusi, tochi inawaka, mkono mmoja ameuinua juu ya bega la yule binti, bado haujatua. Na Kabula, ambaye ni kijana na hakupaswa kusikia kitu, alikuwa amegeuza kichwa upande ule. Akawaashiria wenzake wanyamaze. Alikuwa kama mtu anayesikia anaitwa kutoka nyumba ya pili na hana uhakika.

Wakati huohuo upande huu MC ananivuta shati. "Mzee, wakwe wanasimama, wanataka kwenda kwenye magari. Sherehe inakufa mikononi mwangu. Weka singeli, nakuomba." Wachimbaji wanapiga meza kwa viganja. Mama Kabula ametoka jikoni na mwiko, ananitazama mimi, anawatazama wazee wanavyocheza, na mtu wa Usukumani hahitaji kusikia ngoma ya manju ili aijue, anaiona kwenye mabega. Uso wake ulibadilika. Nilikuwa nimemwahidi.

Na kwenye hedifoni, Jilala anaimba: msinitafute kwa wanawake, sina mwanamke mwingine, udongo ulinishukia na wenzangu wakakimbia, nitafuteni...

Nikakata.

Kidole kilikwenda chenyewe. Ndiyo kazi niliyokifundisha miaka yote. Viti vikisogezwa nyuma, kata. Singeli ikalipuka, vijana wakaruka kama maharage kwenye kikaango, MC akanikumbatia. Wazee walibaki wamesimama, mikono hewani, wanaangaliana kama watu walioamshwa kwa maji. Yule bibi wa baiskeli akaanguka chini, ikabidi wambebe.

Yule mtu nyuma ya kiti, tochi yake ilizimika. Alinitazama. Ningependa kukuambia alikasirika, ingekuwa rahisi kwangu. Alinitazama kwa uchovu tu, kama mtu aliyepanda kamba ndefu kutoka chini duarani na wenzake wakaiachia akiwa ameshaona mwanga. Akateremsha mkono wake bila kumgusa binti. Akapita kando ya zizi, ng'ombe wote wakampisha, na baada ya hapo sikumwona.

Jioni nikifunga nyaya, Kabula akanijia, bado na nguo yake ya sherehe. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Ule wakati wazee wanacheza, kulikuwa na wimbo gani?"

Nikamtazama yule mtoto. Jibu lake nilikuwa nalo kichwani, lilikuwa bado la moto. Nikamwambia, "Jenereta lilisumbua."

Akasema, "Wabeja, babu," ndiyo asante, akaondoka. Sijui kama unanielewa. Nilimwonea aibu mama yake kwa kuvunja ahadi, niliona haya kusema nimeukata, na niliogopa wasije wakaniita mchawi, maana huku kwetu mzee akianza kusema ameona wafu, watu humtazama macho yake kwanza kama ni mekundu. Sababu ninazo nyingi. Usiku nikafungua kompyuta, ule mstari mtupu haukuwepo. Juu ya kioo, pale aliponyooshea kidole, palikuwa na tope, limeganda.

Nikakaa na jambo lile miaka sita. Na kazi ikaanza kunishinda, kwa sababu kidole kilikataa kukata. Nikiweka wimbo nauacha ufike mwisho, hata kama ni mbaya, hata kama tenti zima linanitukana. Wazee wakilala, walale. Vijana wakaanza kusema yule mzee siku hizi anapiga muziki kama wa msibani. Sherehe zikapungua mpaka nikawa naitwa nyumba mbili tatu tu, kwa watu wanaonionea huruma.

Kiangazi kilichopita nikapanda gari nikaenda Bugarama. Kabula sasa ana mtoto wa kiume na anapika chapati mbele ya nyumba. Nikakaa kwenye benchi lake, nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Hakunikatiza. Chapati moja iliungua, akaitoa, akaitupia kuku.

"Alikuwa anataka kuniwekea mkono hapa?" akauliza, akajishika bega.

"Hapo hapo."

"Na aliposema tumtafute, hakutaja hata upande? Hata herufi ya kwanza?"

"Nilikata, mwanangu. Sikusikia."

Akageuza chapati nyingine. Kisha akasema, "Basi hakunikimbia." Akalirudia hilo, si kwangu, kwa yule mtoto aliyekuwa anavuta kanga yake. "Babu yako hakutukimbia."

Wiki ile wakaweka matanga Kishapu, bila mwili. Mama Kabula alinyolewa nywele kama mjane, baada ya miaka zaidi ya ishirini. Nilikwenda. Nilipomsogelea kumpa pole hakuupokea mkono wangu.

"Nilikukataza kupiga," akaniambia, "sikukukataza kuniambia. Miaka sita umekaa na mume wangu sikioni. Mimi huku namlaani kila nikiwasha moto."

Hajanisalimia tena tangu hapo, na sina la kumlaumu. Kabula hunipigia simu mara mojamoja. Haniulizi hali. Ananiuliza kama nimekumbuka neno lolote lililofuata, na mimi namjibu hapana, na yeye anasema sawa babu.

Kwa hiyo wewe unayepiga muziki kwenye sherehe za watu, au unayeshika tu simu ya kuchagua nyimbo sebuleni, nakuonya. Kijana ukimkatia wimbo wake atakuja kuuomba tena kesho. Lakini akija mtu usiyemjua akaomba kwa adabu, na wazee wakainuka, na vijana wakakuambia spika zimenyamaza, kaa juu ya mikono yako. Wakwe waondoke, MC alie, mwache amalize. Na ukishasikia cha mtu, kipeleke siku hiyohiyo.

Na kama unapita machimboni upande wa Geita, kwenye mashimo ya zamani yaliyoachwa, ukakuta wenyeji wanaotaja manju wa Kishapu aliyefukiwa, jina lake Jilala mwana wa Luhende, ulizia Bugarama kwa Kabula wa chapati. Usinitafute mimi. Mtafute yeye, umwambie ni wapi.